Mwanagenzi ameniiga kosa langu, sasa nimfunze nini?

DadaWaEksirei, Kisumu
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Napiga eksirei mwaka wa 11 huu, na nimekabidhiwa wanagenzi wanne niwafunze usalama wa mionzi. Darasani mambo yalikwenda vizuri: muda, umbali, kinga. Umbali ukizidi mara mbili, mionzi inabaki robo. Kikomo chetu cha mionzi milisiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka, wastani wa miaka 5, na mwaka wowote usipite 50. Wakaandika yote.

Juzi nikachungulia kwenye kioo, mmoja kamshika mtoto mezani, aproni ya risasi, ile ya madini mazito ya kuzuia mionzi, imetundikwa nyuma yake, mwenzake kidole ki juu ya kitufe. Nikapiga kelele asibonyeze. Nilipomkaripia akainama: "Pole dada, lakini Ijumaa ulimshika yule wa kifua vivyo hivyo."

Ni kweli. Foleni ilikuwa imefika langoni, mtoto analia, nikajiambia ni picha moja tu. (Beji nayo, ile ya kupima mionzi ninayopokea, ilikuwa mkobani.) Tangu siku hiyo nikifungua mdomo naona macho yao yanatafuta beji kifuani kwangu.

MstaafuKakamega
Binti yangu, waambie mwenyewe, wote wanne, kabla hawajaambizana. Mkubwa wangu wa zamani alikuwa akiacha beji kwenye droo, ati isije ikasoma juu akaulizwa maswali. Nasi tukaacha. Ripoti zikirudi safi kabisa! Mpaka leo sijui miaka ile nilipokea kiasi gani.

Jamaa_wa_Nakuru
Kumshika mtoto kusiwe kazi ya mpiga picha, maana wewe utashika wa leo, wa kesho na wa keshokutwa. Mwite mzazi, muulize kwanza kama ana mimba, mvalishe aproni, mikono yake ikae nje ya ule mwanga wa mashine. Halafu zikagueni aproni zenyewe. Zetu zilikuwa zikikunjwa na kutupwa kitini; tulipozipiga picha, moja ilikuwa na ufa kiunoni mrefu kama kiganja.

Otis254
Na daktari anayeingia akiongea na simu, huyo nani atamfunza? 😂

DadaWaEksirei, Kisumu
@Otis254 huyo tumwachie mkubwa wa idara, mimi nina yangu.
Mzee, asante. Jumatatu naanza na ile Ijumaa. Niko zamu ya usiku hapa. Beji nimeibana kwanza ndipo nikaandika.