Matone ya kukuza mboni kabla ya harusi, nitie saa ngapi?

BintiKibokoni: Asalaam aleikum wapendwa, harusi yangu i karibu na nimepata matone ya mmea waitwa beladona, anayeniuzia asema wanawake wa Italia zamani walijitia maji yake machoni mboni zikawa kubwa macho yakang'ara. Nauliza tu, nitie asubuhi ya kupambwa ama usiku wake? Nina wasiwasi kidogo, mamangu sijamwambia.

MamaSwafia: Waleikum salaam mwanangu. Sie tuliolewa kwa wanja na asumini na mabwana hawakulalamika, japo hata wanja jihadharini nao, mwengine una madini ya risasi. Binti yangu alivyoolewa somo wake alimsugua singo mpaka ngozi ikateleza, mtaa mzima ulizungumza

KaptenLikoni: Mama kaulizwa matone ushafika kwenye singo 😂 Mie hapo nakumbuka mnanaha ulioota jaani kwetu, bibi akichoma majani yake avute moshi kwa pumu. Jamaa mmoja akatafuna mbegu, alishinda akiusalimia ukuta, koo kavu, mwili wamchemka.

DadaWaKliniki: Mnanaha na beladona sumu yao ni moja, atropini. Mfamasia Mjerumani aitwaye Mein aliitoa kwenye beladona mwaka 1831, na hospitalini atropini hiyo hiyo yamuokoa aliyekunywa dawa ya wadudu. Sisi kliniki ya macho twaitumia kufungua mboni, lakini kwa kipimo na baada ya maswali. Basi nakuuliza, kwenu kuna mwenye presha ya macho? Na ushatia?

BintiKibokoni: Mama anayo, jicho moja halioni tena. Lakini mie bado kijana. Na ndio, jana nilitia la kulia kujaribu, likapendeza mashallah. Pesa nishalipa, na ni mmea tu hauna kemikali.

AbuTaqwa: Bwana akuoe kwa macho ya kuazima, yakirudi yako utamwambia nini? Ridhikeni na alivyowaumba Mola.

Pweza_001: Hekaya hii. Beladona ni ya Ulaya na huko Asia ya magharibi, Mombasa yaota wapi? Muuzaji ni huyu huyu, mtaona kesho aweka namba ya simu.

KaptenLikoni: Hata mie nilishuku, na labda hicho kichupa ni mnanaha wa jaani umetiwa jina la kizungu

BintiKibokoni: Wallahi si uongo na namba sina! Hapa naandika nimefumba la kulia, nikilifungua herufi zaungana na jua la mlangoni lanichoma. Mboni kubwa kama kifungo cha koti, na kichwa chaniuma upande huo. Si litatulia kabla ya Ijumaa?

DadaWaKliniki: Iwe hekaya iwe kweli nitajibu. Atropini hulegeza msuli unaobana mboni na ule wa kuonea karibu, yaweza kukaa wiki na zaidi. Kuna watu njia ya kutolea maji ya jicho ni nyembamba, na huenda kwa ukoo, mboni ikifunguka njia huziba, presha yapanda kwa saa chache tu na jicho laweza kupofuka. Hicho kichwa ndicho kinachonitisha. Usingoje Ijumaa, nenda sasa hivi kwa daktari wa macho, beba na kichupa, mtoto asikifikie.

MamaSwafia: Mwambie mamako mwanangu, atakuelewa kuliko sisi sote.

BintiKibokoni: Ashajua, avaa buibui twende. Ila daktari akisema ni salama, na la kushoto nitatia yafanane.

DadaWaKliniki: La kushoto usiliguse.