Sarafu ya shaba kutoka shimo la choo, Bweni: nimeshaiua au bado?

FundiBweni
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi ujenzi, nipo Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Jumanne tulikuwa tunachimba shimo la choo kwa mama mmoja. Tumefika kama futi nne, beleshi likagonga kitu kikalia. Nikajua kizibo cha soda. Kumbe sarafu, kijani tupu, tope limeigandia kama saruji.

Sasa kosa langu. Nyumbani nilichukua ndimu na chumvi nikasugua upande mmoja, vile marehemu bibi alivyokuwa akisugua masinia ya shaba. Ukang'aa mwekundu kama waya mpya wa umeme. Palikuwa na Kiarabu, na nusu yake imekwenda na povu. Moyo ukanipiga, nikaacha palepale. Kwa rula ni milimita 25 na ushei, haina tundu. Upande wa pili sijaugusa. Naona mbawa za ndege, kijana wangu anasema ni kuku. Ni ya Sultani hii? Na nifanyeje isiharibike zaidi?

MtuWaDili
Usimwonyeshe mtu mkuu!! Hiyo ni rupia ya Mjerumani, kuna tajiri anatoa milioni 30. Njoo pembeni tuongee.

BintiChumbageni
Fundi, huyo wa juu mpite kama hujamwona. Ataanza kukuomba hela ya vipimo, kisha nauli ya tajiri.

Ya Sultani siyo. Sarafu ya pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya 1299 Hijria, yaani 1882, ina picha ya mizani. Ya kampuni ya Waingereza ya Mombasa, 1888, nayo ina mizani, ila ina Kiingereza pia. Kuku wenu ni tai wa Kaisari, mfalme wa Wajerumani. Uliyonayo ni pesa moja ya Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ile kampuni ya Wajerumani, na zilipigwa 1890 hadi 1892. Wala si rupia, ni chenji: pesa 64 ndizo rupia moja. Kiarabu chake kinasomeka "Sharikat Almania". Kama umepita madrasa utalisikia neno shirika humo. Mwaka nao ni wa Hijria: 1307, 1308 au 1309. Usiku zima taa, laza tochi ya simu ubavuni mwa sarafu, vivuli vitakusomea.

Tuje kwenye kuitunza. Kijani kigumu kinachoteleza ni ngozi yake, usikibandue. Cha kuogopa ni kijani kilichopauka, cha unga, kinachochomoza madoadoa. Hapo chumvi ya ardhini imekutana na unyevu na inaila shaba taratibu. Pwani udongo wetu wenyewe una chumvi, nawe ukaiongezea ya jikoni!

Nunua maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, kwenye kituo cha mafuta. Soma kibandiko mara mbili: MAJI, si asidi, maana chupa zinafanana. Iloweke, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu, kwa wiki tatu hivi. Tope likilegea, litoe kwa chelewa, njiti ya mnazi, iliyochongwa ncha. Sindano hapana, waya wa sufuria hapana. Ikaushe hadi ndani ya herufi, itie kwenye bahasha ya karatasi, kisha kwenye kopo la mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu vipya. Vijaluba vya plastiki laini ya PVC achana navyo, huacha ute wa kijani. Upande ulioung'arisha uache hivyohivyo, utafifia wenyewe kwa miaka.

Babu_Masoko
Binti kamaliza. Naongeza la huku kwetu Kilwa, kwa wengine wanaosoma. Mkiokota sarafu ndogo ya shaba, Kiarabu pande zote, haina mwaka, msiioshe hata kwa maji. Zipo za Ali bin al-Hasan: upande mmoja jina lake, wa pili "anamtumaini Mola wa neema", na kwa Kiarabu vina vinakubaliana kama shairi. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinaguswa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitolee taarifa. Pesa ya fundi haijafika huko.

Na mafuta ya nazi je? Wazee walikuwa wakipaka.

BintiChumbageni
Shikamoo babu. Hapana, yanaganda, yanashika vumbi na kufungia unyevu ndani.

FundiBweni
Mrejesho, wiki ya nne. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai, ya mwisho meupe. Tochi imesoma: ١٣٠٧, yaani 1307, na upande wa tai 1890. Abushiri, aliyewapiga vita Wajerumani, walimnyonga hapa hapa Pangani Desemba 1889, kwa hiyo hii ni ya mwaka uliofuata. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu.

Mwenye kiwanja nimemwambia, sarafu ni yake. Kasema nimtunzie, yeye anataka choo. Kuna doa moja la kijani mpauko chini ya bawa, dogo kama punje ya ulezi. Nimeirudisha majini. Kijana wangu naye anataka tupanue shimo, nimemwambia zege limeshamwagwa.