Picha za zuu: waya unaonekana kuliko simba

Mpigaji_Mbichi
Wakuu salama? Jana nimeshinda zuu na kamera toka asubuhi, nimepiga kama picha mia nne hivi, kuja kufungua kwenye kompyuta naona aibu mwenyewe. Simba dume alikuwa kalala kaegemea waya kabisa nikasema leo nimempata, kumbe fokasi imeshika waya, yaani kutu unaihesabu na simba nyuma ni ukungu wa njano tu. Chui mweusi ndo balaa, katoka kijivu kama kagaragara kwenye majivu. Kwa simbamarara kuna kioo, hapo nimejipiga mwenyewe, fulana yangu nyeupe ipo katikati ya mbavu zake 😂 Kamera ni ya kuanzia, lenzi 55-250. Tatizo lenzi au mimi?

Babu_Shata
Ni wewe mkuu, lenzi haina kosa hahaha. Mnyama akiegemea waya achana naye, hapo hakuna fundi. Subiri asogee mbali na waya, hata mita tano sita, halafu wewe ndo uusogelee mpaka lenzi ikaribie kuugusa (kama kuna reli ya kuzuia watu usiiruke, hilo halina mjadala), vuta zumu mpaka 250, apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) fungua yote, kwa lenzi yako itakuwa f/5.6. Waya unayeyuka wenyewe. Ila tafuta sehemu ambayo waya uko kivulini, ukipigwa jua unang'aa na unamwaga ukungu mweupe kwenye picha nzima hata kama wenyewe hauonekani, mimi hili lilinisumbua muda mrefu nikawa nalaumu lenzi kama wewe. Fokasi weka nukta moja tu, jichoni. Ikigoma, inaenda inarudi, zungusha kwa mkono.

MamaNyau
Chui mweusi: kamera ikiona weusi mtupu inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, ndo hayo majivu. Shusha mwanga kwa -1 hivi, kwenye alama ya +/- ya kamera, uone. Na ukimvizia jua likiwa la ubavuni madoa yanajitokeza, maana ni chui yuleyule ila manyoya ndo meusi.
Kioo sasa. Vaa nguo nyeusi kaka angu, tafuta huudi ya mpira (ile kofia inayovaa mbele ya lenzi) uibandike kwenye kioo kabisa, simama umekikabili, usipige kwa upande. Beba na kitambaa, watoto wanabandika pua zao pale 😅 Flashi zima, kwanza kioo kitakurudishia, pili unawakera wanyama.

Mpigaji_Mbichi
Shukrani sana. Ila hawa jamaa wanalala muda wote, nilimsubiri simba saa nzima hata sikio hajachezesha

Babu_Shata
Simba anaweza kulala mpaka masaa 20 kwa siku, wewe saa moja tu unalia? Wahi geti likifunguliwa au baki jioni, na uliza saa ya kulishwa. Akianza kuamka usiondoke, atapiga miayo, na haiji mmoja, ukiukosa wa kwanza shika wa pili. Nikuibie siri, simba wengi mnaowaona kwenye picha wamekenua eti wananguruma, wanapiga miayo tu. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) pandisha hata 1600, zile chenga chenga kwenye picha zinasafishika ila picha iliyotikisika imeenda. Kuna wale wanaozunguka njia ileile, weka fokasi pale anapogeukia umsubiri.

MamaNyau
Hapo kwa anayezunguka tunatofautiana mzee wangu. Mnyama anayekwenda na kurudi palepale kutwa mara nyingi ana msongo, mimi huyo simpigi, nahamia kwa mwingine.

Babu_Shata
Nimekuelewa dada, ila wengine wanazunguka kwa sababu wamesikia ndoo ya nyama inakuja. Hao nitaendelea nao.

simu_tu
Na sisi wa simu tusemeje?

MamaNyau
Kwa waya wewe ndo una bahati, kamera ya simu ni ndogo, tundu la waya likiwa pana iweke katikati ya tundu, waya hautaonekana kabisa. Ni pale ruhusa ipo ya kusogea, na simu ishike vizuri, ikidondokea ndani usiniulize mimi.

Mpigaji_Mbichi
Jumamosi narudi. Fulana nyeupe inabaki kwenye kamba