Watoto na baridi hapa State College, Pennsylvania: Pegula ni kwa wanafunzi tu?

Wapendwa, habari zenu. Baridi imeanza na watoto wanashinda ndani na simu. Kila siku tunapita Pegula, lile jengo la hoki ya barafuni la Chuo Kikuu cha Penn State, pale Curtin Road inapokutana na University Drive. Sisi tusio wa chuo tunaruhusiwa kuingia?

JIBU:
Karibu sana, dada. Ingieni bila wasiwasi. Terry Pegula, aliyesomea Penn State uhandisi wa mafuta na gesi, na mkewe Kim walitangaza mwaka 2010 kutoa dola milioni 88 kwa jengo hilo na timu za hoki za chuo. Baadaye mchango ukafika milioni 102. Jengo likafunguliwa Oktoba 2013. Ndani mna viwanja viwili vya barafu. Mkubwa unachukua watu karibu 6,000, na ndiko timu za chuo zinakochezea. Mdogo ulijengwa kwa ajili ya jamii, na kwangu mimi huo ndio unaoipa zawadi ile thamani. Kuna hoki ya watoto, mafunzo ya kuteleza kwa wanaoanza, na saa za watu wote kuteleza: mnalipa kiingilio, mnakodi viatu vya kutelezea palepale. Angalieni ratiba kabla ya kutoka, maana saa hizo hubadilika.

Msikimbilie kununua viatu, mguu wa mtoto unakua. Avae soksi ndefu moja, si mbili nene; kiatu kikipwaya, kifundo kinayumba. Glavu ni lazima! Akianguka anatanguliza mikono, na vyuma vya viatu vya wenzake vinapita karibu. Kama hana helmeti nyingine, mpeni ya baiskeli, ni afadhali kuliko kichwa wazi. Na wewe unayekaa kuwatazama, usivue jaketi.

JIBU:
Kaka amemaliza, naongeza moja. Mtoto akiipenda hoki yenyewe, ulizieni vifaa vya kuazima au vya mitumba kabla ya kumwandikisha, kwa sababu vipya ni ghali mno. Na asiwaambie mtu kwamba barafu si yetu. Vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, wamejifunza Nairobi, kwenye kiwanja kidogo cha Hoteli ya Panari, Mombasa Road, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Waonyesheni watoto video zao.

JIBU:
Asanteni sana, ndugu zangu. Tutakwenda Jumamosi. Kuna mwenye glavu za mtoto wa miaka sita zisizotumika?