Mbeya mtatuua na haya maneno ya "fursa", mjini hakuna hela!!

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiupeleke huu uzi kule kwenye jukwaa la biashara ukafie huko, uacheni hapahapa watu wausome.

Leo nimetoka kwenye kikao cha "wadau wa maendeleo" hapa mjini, sitaji kimeitishwa na nani, tumekalishwa masaa manne mazima kila mtu na kichupa chake kimoja cha maji, jamaa mmoja wa tai anatuambia uchumi wa Mbeya unaimarika na sisi wafanyabiashara tuwe na mtazamo chanya. Mtazamo chanya???? Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa mwaka wa kumi na nne huu, mtu wa hadiwea hahitaji mchumi wa kumwambia hali ikoje, mimi uchumi nausoma kwenye bati na misumari.

Yani iko hivi kwa msioijua biashara hii. Mkulima wa mpunga wa Ubaruku, wa Rujewa, wa Kyela huko, akivuna akauza vizuri hajengi kwa simu, anakuja mwenyewe na Fuso kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9, anabeba bando za bati geji 28, kofia, misumari ya bati, simenti, na akiwa na furaha anachukua na rangi ambayo hata hana mpango nayo. Miezi hiyo minne ndo ilikuwa inanilisha mwaka mzima. Sasa hivi mtu anakuja anauliza geji 28, namtajia, anauliza geji 30, namtajia, anauliza 32 (namba ikipanda bati ndo linakuwa jembamba), halafu anasema "ngoja nirudi" na wewe unajua kabisa huyu harudi. Simenti watu wananunua kwa kilo kama sukari. Juzi mtu kanunua misumari robo na akaniomba nimwongezee miwili mitatu.

Af mtu anakuja na takwimu. Kitaifa uchumi unakua kwa zaidi ya asilimia 5, sawa, sibishi, siwezi kubishana na vitabu. Hata 2020 kwenye korona dunia nzima imelala chali sisi Julai tukatangaziwa Benki ya Dunia wametupandisha uchumi wa kati wa chini, tukapiga makofi. Lakini Mei hiyohiyo ya 2020 Zambia walifunga mpaka wa Nakonde, malori yakapanga foleni Tunduma huko, na ndani ya wiki moja tu hapa mjini mama ntilie hana mteja, gesti tupu, fundi tairi anacheza bao. Mwezi ule ndo nilielewa huu mji unaishi kwa nini. Sisi ni koo wakuu. Chakula chote kinapita hapa, tumbo liko kwingine.

Na hii siyo leo. Huu mji wenyewe ulizaliwa na dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1920, dhahabu ilipopungua wenye nayo wakaondoka zao na hela zao. Ikaja reli ya TAZARA, ikajengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 Dar mpaka Kapiri Mposhi, wazee wakasema sasa tumetoka. Na kwa kweli kuna kipindi tulitoka, kulikuwa na kiwanda cha nguo, kulikuwa na Zana za Kilimo wanafyatua majembe, baba yangu mdogo alikuwa fundi kwenye kiwanda kimojawapo na mshahara wake ulisomesha watoto sita pamoja na mimi ambaye hata siyo wa kwake. Leo majembe yaliyojaa dukani kwangu yametoka China. Mimi nauza jembe la Mchina kwa mkulima wa Mbarali, mji uliokuwa unatengeneza majembe!! Nikiliangalia lile jembe natamani kulirudisha lilikotoka ila ndo hivyo, nina watoto.

Tukaja kukatwa, Januari 2016 Songwe ikawa mkoa, Tunduma ikaenda, Mbozi na kahawa yake ikaenda, ofisi zikahamia Vwawa. Sina ugomvi na ndugu zangu wa Songwe, wao wamepata mkoa, ila kuna mtu alikaa chini akauliza Mbeya mjini itaishi kwa nini baada ya hapo? Tumebaki na watu tu. Sensa ya 2012 tulikuwa laki 3 na elfu 85, ya 2022 tuko laki 5 na elfu 41. Hao laki na nusu walioongezeka wanafanya nini mjini? Nitakwambia, wanaendesha bajaji Kabwe. Bajaji zimekuwa nyingi kuliko abiria. Na sisi wengine tunaishi kwa kuvizia bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) la wanafunzi wa vyuo vya MUST na Mzumbe, likitoka mji unapumua wiki mbili, likiisha tunarudi kukodoleana macho.

Masoko nayo ni hadithi yake. Mwanjelwa ya zamani iliungua 2006, watu walimaliza mitaji usiku mmoja. Jipya likajengwa kwa mkopo wa benki, limekuja kukamilika watu wameshachoka kusubiri, na kodi yake wengi wakashindwa wakarudi kupanga chini barabarani wakimbizane na mgambo. Waliokimbilia soko la Sido nako kukaungua 2017. Kuna dada mmoja jirani yangu ana duka la vyombo, yeye yalimkuta yote mawili. Unajua anasemaje? Anasema bora moto, maana moto ulikuja mara mbili tu, kausha damu, hawa wakopeshaji wa mtaani, anakuja kila siku. Anakopa laki tatu anarejesha kila jioni, akikosa siku moja wanakuja kumi mlangoni wanabeba tivii. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ndo ingekuwa mkombozi wa watu kama yeye, wakaisimamisha 2023, ikaja kurudi 2024, na pengo hilo katikati nani aliliziba? Haohao kausha damu. Na jinsi ya kuipata sasa, kikundi, katiba, andiko la mradi, nenda rudi kata mpaka nauli inazidi faida, ah.

Sasa tuje kwenye hili lililonitoa povu leo. Yule jamaa wa tai anasema tusubiri, TAZARA inafufuliwa, 2025 wamesaini na Wachina miaka 30, dola bilioni 1.4, shaba yote ya Zambia itapita hapa. Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza mheshimiwa, shaba inapita hapa sasa hivi kwa malori, na huu mji unakula kwenye lori, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi kuna fundi springi, kuna muuza tairi, muuza chipsi, gesti, gereji, dada wa kuosha kabini, wote hao wanakula kwa dereva. Mzigo ukihamia kwenye behewa, behewa linalala gesti? Behewa linakula ugali samaki? Treni itapiga honi Iyunga itatupungia mkono itaenda zake. Sipingi reli jamani, reli ni nzuri na ajali za Inyala na Mlima Nyoka zimetumalizia ndugu, ila niambie mmepanga nini kishuke hapa Iyunga, kipakiwe nini hapa. Akanijibu "hizo ni changamoto ambazo zitageuzwa kuwa fursa". Watu wakapiga makofi wakuu. MAKOFI. Ndaga fijo (asante sana) mheshimiwa.

Barabara ya njia nne pia tumeambiwa ndo mkombozi, Nsalaga mpaka Ifisi kilomita 29. Nataka niulize tu, barabara ikiwa pana hela ndo zitasimama au zitapita kwa spidi zaidi?

Tatizo letu siyo kwamba hatuna kitu. Viazi vya Uyole na Mporoto, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, kakao, parachichi za Rungwe ambazo siku hizi kila mwenye cheo ana shamba. Lakini kila kitu kinatoka kibichi. Viazi vinapakiwa lumbesa, gunia limevimba kama mtu wa harusi, mkulima analipwa gunia moja linaondoka gunia na nusu. Parachichi dalali anakuja na bei yake mfukoni, anachuma, anaondoka nayo ikafungwe boksi huko mbele. Sasa kazi ya kuosha, kupanga, kufunga, kugandisha, kukoboa, kuweka kwenye maghala ndo ajira zenyewe hizo za laki na nusu wetu, na ziko mji wa watu.

Na ukitegemea kuuza kibichi unakuwa mateka wa wakubwa wakinuniana. Machi 2025 si mnakumbuka, Malawi wakazuia bidhaa zetu, Aprili na sisi tukawazuia wao na Afrika Kusini, zikapita wiki chache tu wakapatana wakafungua. Kwao ni wiki chache. Ndizi haijui wiki chache. Shemeji yangu anapeleka ndizi kupitia mpaka wa Kasumulu, muulizeni hizo wiki chache zilimfanya nini, mpaka leo hajarudi kwenye mtaji wake.

Hata mpira jamani. Ihefu ya Mbarali ilikuwa yetu, leo iko Singida na jina jingine. Timu nzima inapita kama kontena.

Naomba mnijibu mambo ya maana. Wale mtakaokuja na utani wa Wanyaki na misiba leo sina moyo huo. Na wale wa "piga kazi acha kulalamika", mimi nafungua duka saa 12 na nusu asubuhi, baridi ya Mbeya ya mwezi wa 7 mnaijua wenyewe.

Nyongeza saa 3 usiku: kuna mkuu ameniuliza kwa nini nisihamishe duka kama hali ni hiyo. Nilikuwa sijataka kulisema ila mwenye fremu kanipigia leo mchana nikiwa kwenye hicho kikao, yuko Dar, anataka kodi ya mwaka mzima kabla ya tarehe 1 na kapandisha. Nimemwomba nimpe ya miezi sita kwanza. Kasema atanijibu kesho.