Kwa nini vichekesho vya siasa kwenye TV havishiki watu?

MangiMajengo:
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda umiza hapa Majengo, Moshi. Mpira ukiisha naacha TV ikiendelea, maana kuna kipindi cha vichekesho vya siasa nakipenda sana. Kikianza tu, watu wanasimama. Juzi mzee mmoja akauliza, "Huyu anamwiga nani?" Hakuna aliyejua. Jamaa kavaa suti, kaweka mto tumboni, anaitwa Mheshimiwa, anapokea bahasha. Basi wakataka niweke muvi iliyotafsiriwa. Na ni watu haohao wanaobishana siasa mpaka nafunga mlango! Shida iko wapi? Naomba majibu ya kweli, jambo hili linaniuma.

BintiSakina:
Pole mangi. Mimi nadhani ni simu. Jambo likitokea asubuhi, mchana klipu zimeshajaa WhatsApp. Kipindi kikirushwa wikiendi, limeshapoa.

MC_Ngarenaro:
Simu ina mchango wake, dada, lakini huyo mzee ndiye aliyegusa penyewe. Mimi ni MC hapa Arusha na kuiga sauti ndiyo kazi yangu. Mtu hawezi kumcheka anayeigwa kama hamjui mwenyewe. Redykyulass, kikundi cha vichekesho cha Kenya, walimwiga Rais Moi na nchi nzima ikacheka, kwa sababu sauti ile ilikuwa kwenye taarifa ya habari ya KBC kila siku, hata mtoto aliijua. Sisi huku, Januari 2016 TBC iliacha kurusha Bunge moja kwa moja. Zamani fundi viatu wa hapa Ngarenaro alikuwa anajua mbunge gani anapiga meza, nani anapenda kuomba mwongozo wa Spika. Vitu hivyo vidogo ndivyo mwigaji anavyotegemea. Ukimnyima, anabaki na suti na mto.

Kwenye send-off za mtaani huwa namwiga mwenyekiti wa mtaa: anavyopandisha miwani kwenye paji la uso, anavyouliza "barua ya mjumbe iko wapi?", anavyokohoa kabla ya kugonga muhuri. Simtaji jina. Ukumbi mzima unamgeukia, naye mwenyewe anacheka mpaka anafuta machozi.

Mzee_wa_Kijenge:
MC, umesema vizuri ila umeruka woga. Januari 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilivitoza faini vituo vitano vya TV kwa habari tu, wala si vichekesho. Ungekuwa mhariri, ungeruhusu mtu amwige waziri kwa jina lake? Gado, mchora katuni, ni Mtanzania, lakini vikaragosi vyake vya The XYZ Show vilianza Citizen TV ya Kenya, 2009. Kule mtazamaji alimtambua kiongozi kwa sura kabla hajafungua mdomo.

MC_Ngarenaro:
Nakubali, mzee wangu. Ila mwenyekiti wa mtaa, bwana afya, mkusanya ushuru wa soko, hao hawajakatazwa na mtu. Waandishi wa vipindi waanzie huko. Siasa inayomgusa mama wa Mbuyuni inapita mikononi mwa watu hao.

MangiMajengo:
Nimeelewa. MC, unaweza kuja Majengo Jumamosi moja baada ya mechi? Nauli na chakula juu yangu.

MC_Ngarenaro:
Nakuja. Ila nifike mapema, nishinde hapo mtaani kwanza nimsikie mwenyekiti wenu anavyoongea.