Mrejesho: zile linki fupi za viatu

Wadau, ni mimi yule wa viatu vya mtumba hapa Kibuye, Kisumu, niliyeuliza wiki tatu zilizopita nitajuaje wateja wananipata kupitia Facebook, Instagram ama status ya WhatsApp. Asanteni sana, hata nyinyi mlionicheka.

Nilifuata ule ushauri wa kutengeneza linki fupi tofauti kwa kila mahali (zile za huduma ya kufupisha linki, inayokuhesabia waliobonyeza), zote zinaishia kwa katalogi yangu ileile ya WhatsApp. Imefanya kazi, na imeniaibisha kidogo, maana bando nilikuwa namalizia Facebook kumbe status ndio inaleta watu: kliki 63, Facebook 19. Instagram ilikuwa 2, na hizo mbili nadhani ni mimi mwenyewe nikijaribu, kwa sababu linki ukiibandika kwa maelezo ya picha haibonyezeki, ikabidi niihamishe kwa bio, yale maelezo ya juu ya akaunti, ndio ikaanza kusonga.

Shida ni hii, linki ikiwa herufi za ovyoovyo watu wanaogopa, mama mmoja mteja wangu wa Kondele alinipigia kabisa, "We kijana, umehakiwa?" Nikabadilisha mwisho wake ukasomeka viatu-kibuye, maswali yakaisha. Na kliki si mauzo jameni, kati ya hao wa status walionunua ni saba.

Ile ya kuongeza utm, yale maneno ya ziada mwishoni mwa linki yanayoonyesha mtu ametokea wapi, nimeiacha, inataka uwe na tovuti yako yenye Google Analytics, ile ya kuhesabu wanaoitembelea, na mimi niko na katalogi ya WhatsApp tu.